Wasifu wa Mchungaji Usiishie Kaburini

  Wasikilizaji wangu, leo nina neno juu ya misiba ya wachungaji wetu. Kwanza nitalalamika kidogo, mnivumilie. Halafu nitamtaja mtu mmoja aliyezaliwa katika mkoa wetu huu wa Mara, mtu ambaye vijana wengi wa leo hawamjui hata kwa jina.

Mchungaji akifa hapa kwetu, kuzika tunajua. Hilo hatuhitaji semina. Maturubai yanafungwa, ng'ombe anatafutwa, kwaya tatu zinafika na sare zao, wachungaji wa madhehebu mengine wanaketi mstari wa mbele. Mwenyekiti wa kijiji anapewa kipaza sauti, diwani anapewa, na mbunge akiwa Dodoma hakosekani mtu wa kusoma salamu zake na kukabidhi bahasha. Kisha unafika wakati wa wasifu wa marehemu. Anasimama kijana wa ukoo mwenye sauti nzuri, anafungua karatasi moja iliyochapwa usiku ule ule stesheneri ya Mugumu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani. Alisoma shule fulani. Alibatizwa, akaoa, akaenda chuo cha Biblia, akawekewa mikono, akahudumu hapa na pale. Alianza kusumbuliwa na presha, ikaongezeka sukari. Alifariki saa fulani alfajiri. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Dakika nne, imekwisha. Karatasi inakunjwa, inatiwa mfukoni, na baada ya siku chache imefuliwa pamoja na suruali.

Sasa jiulize, mura, wewe uliyekuwa umesimama pale pembeni ya kaburi: umejua nini juu ya mtu huyo ambacho usingeweza kukisema juu ya mchungaji mwingine yeyote? Ukibadilisha jina na miaka, karatasi ile ile inamtosha mwenzake wa kijiji cha pili. Mtu amewabatiza watu miaka arobaini, amewapatanisha ndugu waliokuwa wanawindana kwa ajili ya ng'ombe, amelala njaa akifuata kanisa la watu kumi na mbili porini huko karibu na mpaka wa hifadhi, na sisi tunamuaga kwa orodha ya vituo vya kazi kana kwamba alikuwa mwalimu anayeomba uhamisho.

Na tusidanganyane, baadhi ya yale tunayoyaacha tunayaacha kwa makusudi. Mchungaji huyo huenda alikuwa mkali kwa wanawe mpaka mmoja akakimbilia Mwanza. Huenda aligombana na mzee wa kanisa miaka mitatu bila kusalimiana. Msimu wa saro ulipofika, ule wa kukeketa mabinti, huenda alihubiri dhidi yake bila woga. Huenda pia alinyamaza kwa sababu ukoo wake ulikuwa umekaa mbele. Hayo yote yanazikwa. Tunamzika mtu msafi sana ambaye hakuna aliyewahi kuishi naye.

Hapo ndipo ninapotaka kumleta Baba Askofu Zedekia Marwa Kisare.

Kisare alikuwa Mjaluo wa upande wa Shirati, nchi ambayo zamani zile ilikuwa Tarime na tangu 2007 ni Wilaya ya Rorya. Kwao paliitwa Kiseru. Alizaliwa Wajerumani wakiwa bado wanaitawala nchi, na Shirati yenyewe ilikuwa kituo chao kando ya ziwa. Akakua chini ya Waingereza. Mwanzoni mwa 1934 wakafika pale Shirati wamisionari kutoka Pennsylvania, Marekani, Wamennonite. Elam Stauffer na wenzake walipiga kambi, wakajenga, wakaanza kufundisha na kutibu. Kisare alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza kujiunga nao. Hospitali ya Shirati mnayoijua leo, ile ambayo akina mama wa pande zote mbili za mpaka wamejifungulia, mizizi yake iko katika miaka hiyo.

Niseme kidogo juu ya Wamennonite, maana wapo watu wanaoishi jirani na kanisa lao miaka yote na hawajui jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeuacha upadri mwaka 1536 na kujiunga na watu waliokuwa wakiwindwa kwa sababu walikataa kubatiza watoto wachanga. Walisema abatizwe anayejua anachokiamini. Walikataa pia kushika silaha. Watu hao walifukuzwa nchi hadi nchi huko Ulaya, wengine wakavuka bahari mpaka Pennsylvania, wakawa wakulima. Wajukuu wa wajukuu zao ndio waliokuja kufundisha amani, wakaifundisha wapi? Mara! Hapa ambapo mtoto wa kiume alipimwa kwa ng'ombe aliowaleta usiku. Mungu ana namna yake ya kuchagua mahali.

Lakini amani ya kufundishwa ni kitu kimoja, na jinsi watu walivyoishi pale misheni ni kitu kingine. Kulikuwa na nyumba za wazungu na kulikuwa na nyumba za Waafrika. Waliimba pamoja Jumapili, na baada ya ibada kila mtu alirudi upande wake. Mmisionari alipenda, lakini alipenda kutoka barazani. Mwafrika alitii, lakini moyoni alikuwa na hesabu yake. Hali hiyo ilikuwa ya misheni nyingi za Afrika Mashariki wakati ule, na mtu asiniambie ilikuwa ya Wamennonite peke yao.

Mwaka 1942, mwezi Agosti, ukaja uamsho pale Shirati. Uamsho huu haukuanzia kwetu. Ulianzia kwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda. Watu humkumbuka daktari Joe Church wa Gahini na Simeoni Nsibambi wa Kampala waliokutana mwaka 1929 na kuomba pamoja. Kutoka huko moto ule ukatembea kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa barua, ukafika Bukoba, ukafika Kenya, ukaingia Mara. Wale ndugu waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda, na wazee wetu waliuimba hivyo hivyo kwa Kiganda hata kama walikuwa Wakurya wasiojua neno lingine lolote la lugha hiyo.

Jambo kubwa la uamsho lilikuwa kuvunjika. Mtu anasimama mbele ya wenzake, anasema: niliiba, nilidanganya, nilikuchukia, nisamehe. Pale Shirati waliosimama kusema hivyo hawakuwa Waafrika tu. Wamisionari nao walivunjika. Stauffer mwenyewe, aliyekuwa tayari askofu wao, aliingia katika uamsho ule. Mzungu akamwomba Mwafrika msamaha hadharani kwa kumdharau. Fikiria mwaka wenyewe, 1942, wakati wa ukoloni, vita ya dunia inaendelea. Mkuu wa wilaya angesikia angedhani watu wamerukwa na akili.

Kisare ni mtu wa shule hiyo. Na hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo lilipo jambo langu la leo. Ndugu wa uamsho walikuwa na ugumu mmoja katika misiba: hawakupenda kumsifu marehemu. Ukisimama kwenye mazishi ya ndugu na kuanza kusema alikuwa hodari, alikuwa hivi na vile, wazee wangekutazama kwa jicho baya. Sifa ni ya Bwana. Sasa utamheshimuje mtu wa Mungu aliyekufa ikiwa huruhusiwi kumsifu? Jibu lao lilikuwa ushuhuda. Unasimama unasema: mwaka fulani nilikuwa nimegombana na marehemu, akaja nyumbani kwangu usiku, akasema hawezi kulala mpaka tupatane. Basi. Hujamsifu. Umesema kilichotokea. Na aliyesikia anaondoka akiwa amemjua mtu.

Mnaona tofauti na ile karatasi yetu ya stesheneri?

Mwaka 1950 Kisare aliwekewa mikono kuwa mchungaji, katika kundi la wachungaji wa kwanza Waafrika wa kanisa hilo, pamoja na Andrea Mabeba, Ezekiel Muganda na Nashon Nyambok. Mwaka 1960 kanisa la Tanganyika likapata katiba yake na kujitegemea. Swali lililobaki lilikuwa la uaskofu. Maaskofu wote mpaka hapo walikuwa Wamarekani. Nchi imepata uhuru, Rais ni Mzanaki wa Butiama, jirani yetu kabisa, na askofu bado anatoka Pennsylvania. Haikuwezekana kuendelea hivyo.

Ila ninyi mnaoijua Mara mnajua shida ilikuwa wapi. Mkoa wetu una makabila mengi kuliko vidole. Wajaluo, Wakurya, Wasimbiti, Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waruri, Wangoreme, Waikizu, Waikoma, Wanata, na bado sijamaliza, msinitumie ujumbe wa malalamiko. Ndani ya Wakurya peke yao kuna Wanyabasi, Wairegi, Wakira, Watimbaru, Wanchari na wengine, na kuna siku koo hizo zilipigana zenyewe kwa zenyewe kwa mishale. Umchague nani? Ukimchagua Mjaluo, Wajita watasemaje? Ukimchagua Mzanaki, Shirati iliyotangulia itasemaje? Kura ya kanisa ina namna ya kujua kabila la mgombea hata kabla ya kujua maombi yake.

Januari 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, akimfuata Donald Jacobs, mmisionari. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Februari, likatangazwa Azimio la Arusha. Kwa hiyo uaskofu wake wote ulikuwa uaskofu wa Ujamaa. Shule za makanisa zikachukuliwa na serikali baada ya sheria ya elimu ya 1969. Operesheni Vijiji ikaja katikati ya miaka ya sabini, watu wakahamishwa, na kanisa lililojengwa kwa jasho likabaki peke yake porini na popo. Wachungaji wakaanza upya chini ya miti. Halafu vita ya Kagera, 1978 na 1979, na vijana wengi wa Mara wakiwa jeshini, kama kawaida yetu. Kanisa linalofundisha watu wasishike silaha, katika mkoa ambao jeshi ni kazi ya heshima kuliko zote! Mchungaji wa Kimennonite aliyesimama kumwombea mtoto wa mshirika anayekwenda vitani alikuwa na jambo zito kinywani.

Baada ya vita ikaja njaa ya vitu. Sabuni ya foleni, mafuta ya taa kwa chupa, petroli kwa kibali, na magari ya binafsi kupigwa marufuku barabarani Jumapili alasiri. Wazee mnakumbuka. Askofu kazi yake kubwa ni Jumapili. Wapitieni wainjilisti wa wakati ule, wawaambie baiskeli zao zilibeba nini: Biblia, unga, mgonjwa, na pengine kuku wa sadaka aliyefungwa kwenye keria.

Mwaka 1979 kanisa likagawanywa dayosisi mbili, Kaskazini Mara na Kusini Mara. Kaskazini akawekwa Askofu Hezekia Sarya. Kisare akabaki na Kusini. Hebu lipime hilo. Kaskazini ndiko kwao, ndiko Kiseru, ndiko lugha ya mama yake. Kusini ni kwa Wajita, Wakwaya, Wazanaki. Mjaluo wa Shirati akawa baba wa watu wa ng'ambo ya Mto Mara. Mto ule kwa watu wetu ulikuwa mpaka wa mambo mengi zaidi ya maji. Mimi nasema, kama ungetaka kuandika wasifu wake kwa sentensi moja, ungeandika hiyo, na zile nyingine zote ungeziweka pembeni.

Akafariki mwaka 1999. Mwaka huo huo, Oktoba 14, akafariki Mwalimu Nyerere, na macho ya nchi yote yakageukia Butiama, kama ilivyostahili. Mkoa mmoja, mwaka mmoja, wazee wawili waliopokea vyombo mikononi mwa wageni, mmoja chombo cha nchi, mmoja chombo cha kanisa, na wote wawili wakapewa kazi ya kuwafanya watu wa makabila mengi waketi meza moja. Kwa jina la mmoja kuna uwanja wa ndege, chuo, barabara na makumbusho. Juu ya mwingine waulize vijana kumi pale stendi ya Mugumu.

Lakini Kisare alitushinda kwa jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nimchague yeye leo badala ya mchungaji mwingine maarufu zaidi. Hakusubiri karatasi ya kaburini. Alipokuwa hai, mzee mwenye akili zake timamu, alikaa chini akasimulia maisha yake, na msikilizaji wake akayaandika. Msikilizaji huyo alikuwa Joseph Shenk, mtoto wa wamisionari Clyde na Alta Shenk, aliyekulia huku huku kwetu. Kitabu kilitoka mwaka 1984, kikachapwa na bodi ya misheni ya Wamennonite huko Pennsylvania. Na jina la kitabu halikumtaja kama askofu. Lilimtaja kama Mmennonite wa Kiseru. Hapo kuna mzee aliyejua kuwa cheo kitakwenda na mwingine, na kwao kutabaki kwao.

Angalieni pia aliyesimuliwa ni nani. Mtoto wa zile nyumba za wazungu. Yule Mwafrika aliyekuwa upande wa pili wa uwanja wa misheni akawa msimuliaji, na mtoto wa mmisionari akashika kalamu, kazi yake kusikiliza. Kwangu mimi uamsho wa 1942 ulizaa matunda mengi, na kitabu hicho ni mojawapo. Wapo watakaouliza kwa nini hakumsimulia Mtanzania. Ni swali la haki. Jibu langu ni la kuudhi: pengine kwa sababu sisi hatukumwuliza.

Na kimetoka kwa Kiingereza. Mjukuu wa Kiseru anayetaka kumjua babu wa kanisa lake anatakiwa kwanza ajue Kiingereza, halafu apate ndugu Marekani wa kumtumia nakala. Katika maduka ya vitabu ya huku kwetu utapata vitabu vya manabii wa Lagos na wahubiri wa Texas, vinavyofundisha kufanikiwa kwa hatua saba. Cha mzee wa Shirati hukioni. Hilo linaniuma, na nadhani linapaswa kuwauma maaskofu wanaokalia viti vilivyotokana na kiti chake.

Kuna watakaosema: wewe mtangazaji, urithi wa mchungaji si kitabu, ni kazi. Kazi ipo. Kuna Shirati na hospitali yake. Kuna Hospitali ya Nyerere hapa Mugumu, ambayo kanisa hilo hilo linaiendesha na ambayo watu wa Manchira tunaikimbilia usiku. Kuna kanisa la Wamennonite la Kenya, lililoanza kwa wainjilisti waliovuka mpaka kutoka huku kwetu kwenda kwa ndugu zao Wajaluo wa upande wa pili, bila pasi wala posho. Sawa. Lakini jengo halisemi. Bwawa letu la Manchira linanywesha mji wa Mugumu, na ukilitazama halikwambii nani alidai, nani alichimba na nani alichelewesha. Ndivyo na hospitali. Mgonjwa aliyelala wodini hajui kuwa kabla ya wodi kulikuwa na watu waliokataa kuchukiana.

Jingine linalosemwa ni kwamba kusimulia udhaifu wa mchungaji ni kumvunjia heshima. Hapo siungi mkono hata kidogo. Ndugu wa uamsho walikuwa wakiyasema madhaifu yao wakiwa hai, mbele ya watoto wao, mbele ya watu waliowakosea. Kinachomvunjia heshima mtu wa namna hiyo ni kumfanya malaika siku ya mazishi, wakati yeye mwenyewe alitumia miaka yote kutuambia kuwa ni mwenye dhambi aliyesamehewa. Halafu vijana wanaotaka kuingia katika huduma wanasikia wasifu za malaika, wanajitazama, wanajiona hawafai. Wangesikia kuwa mzee fulani alipigana na hasira yake miaka ishirini na bado Mungu akamtumia, wangepata nguvu.

Turudi kwenye saro niliyoigusa mwanzo. Leo tuna nyumba salama Mugumu na kituo cha Masanga kule Tarime, mabinti wanakimbilia huko msimu wa tohara unapofika. Kabla ya nyumba hizo, binti alikimbilia wapi? Mara nyingi alikimbilia kwa mchungaji, au kwa masista wa Kikatoliki, au kwa mama mchungaji ambaye alimficha jikoni na kumwambia mumewe kesho yake. Akina mama hao wapo. Wengine ni wajane sasa. Katika wasifu wa waume zao wametajwa kama mjane mmoja, bila jina. Mke wa Kisare aliitwa Susana. Watu wanaosimulia habari za Baba Askofu wanapaswa kumsimulia na yeye, kwa sababu mgeni aliyefika kwa askofu usiku hakupikiwa na askofu.

Na kuna wachungaji waliosimama katikati ya koo zilizokuwa zinapigana. Tarime ina historia ya hayo, na serikali iliona izipe Tarime na Rorya mkoa wao wa kipolisi. Polisi huleta utulivu, wanafanya kazi yao, nawapongeza. Lakini aliyeingia nyumba ya wafiwa wa ukoo wa pili akiwa na Biblia peke yake, akakalishwa kimya nusu siku kabla ya kupewa maji, yeye yuko katika kitabu gani? Wazee wa ritongo, baraza letu la mila, wanamjua. Wakifa wao, hajulikani tena.

Afrika Mashariki imewapoteza watumishi wakubwa waliotoka katika uamsho ule ule. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 wakati wa Idi Amin, na leo taifa zima la Uganda linapumzika kila Februari 16 kumkumbuka. Josiah Kibira wa Bukoba aliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984. Hao wameandikwa, wanasomwa vyuoni. Mimi sidai Kisare apewe sikukuu. Nadai kidogo sana, na ninadai kwa ajili ya wale wadogo zaidi yake, wale ambao hawakuwahi kuwa maaskofu: mchungaji wa Natta, mwinjilisti wa Nyansurura, katekista wa Iramba, mzee wa kanisa wa huku huku Manchira.

Basi ombi langu ni hili, nalitoa kwa viongozi wa makanisa na kwa wajukuu wenye simu. Msisubiri msiba. Wiki hii nendeni kwa mchungaji mstaafu aliye karibu nanyi, au kwa mjane wake, mketi naye mchana akiwa na nguvu. Muulizeni kwa lugha yake, iwe Kikurya, Kingoreme, Kijaluo au Kiikoma. Kiswahili mtakiandika baadaye. Muulizeni aliokokaje, aligombana na nani na walipatanaje, mwaka wa njaa walikula nini, nani alimfungulia mlango alipofukuzwa. Mkimaliza kwake, nendeni kwa mtu ambaye hakuwa rafiki yake, naye mumsikilize. Rekodini kwa simu. Anayejua kuandika aandike katika daftari gumu, aweke jina la msimulizi, kijiji na tarehe. Toeni nakala mbili, moja ikae ofisi ya kanisa pamoja na vitabu vya ubatizo, moja ibaki kwa familia. Na maaskofu wa Mennonite, Musoma na Shirati, mkinisikia: tafuteni ruhusa ya waliokichapa kitabu cha Baba Askofu Kisare, kitafsiriwe, kiuzwe kwa bei ya kitabu cha tenzi. Mimi nitanunua nakala ya kwanza, na nitaisoma hapa hapa redioni, sura kwa sura.